Mstari wa Zambarau kwenye Nati

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Plymouth ya Lisandro, gari la mwaka 1951, ilizimika na kukwama kwenye barabara ya kutoka Cárdenas kwenda Varadero, mnunuzi aliyekuja kulijaribu akiwa kaketi ndani. Oili yote ilikuwa imemwagikia lami. Mnunuzi alishuka, akatikisa kichwa, akadandia gari jingine.

Fundi Evelio alifika kwa baiskeli akakuta ameshahukumiwa. Yeye ndiye aliyefunga, Jumatatu, ile rejeta ndogo ya kupozea oili aliyoitoa kwenye trekta la Kirusi, pamoja na mipira yake miwili ya kupitishia oili.

"Umeniua, fundi," alisema Lisandro. "Keshokutwa nasafiri. Nauli yangu ilikuwa hii gari."

"Nati zangu hazilegei."

"Basi hii imelegezwa na malaika?"

Evelio alijua habari hii ikifika mtaani hakuna atakayemletea hata toroli. Alijilaza chini ya gari. Kila nati aliyokaza aliichorea mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati mpaka kwenye kikalio chake. Nati ikizunguka, mstari unakatika. Madereva wake wote waliangalia mistari hiyo kabla ya kutoka.

"Asubuhi uliangalia?"

"Saa moja kamili. Yote miwili imenyooka."

Mpaka sasa ilikuwa imenyooka. Ajabu ni kwamba nati ya chini ilizungushika kwa vidole. Evelio aliifuta oili, akatazama vizuri. Kando ya mstari kulikuwa na kipande cha mstari wa zamani, kimejaa vumbi, kimehama robo mzunguko. Mtu alilegeza nati, kisha akachora mstari mwingine ili Lisandro asishtuke.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Mayito, dereva anayegombania abiria na Lisandro.

"Jana mchana ulionekana chini ya gari la Lisandro."

"Nilichungulia rejeta. Na mimi naitaka. Ni kosa?"

"Ulikuwa na spana?"

"Fundi, spana zangu zote unazo wewe tangu Machi. Hurudishi, halafu unanishuku."

Zilikuwa kwake kweli. Evelio aliondoka na aibu zake, akarudi kuutazama mstari mpya juani. Ulikuwa wa zambarau inayometameta, sawasawa na wake. Mtaani chupa ya rangi ile ilikuwa moja tu, ya Zenaida, mama yake Lisandro, aliyetumiwa na dada yake kutoka ng'ambo, Tampa. Jumatatu Evelio aliiazima, akairudisha siku ileile. Na Zenaida alifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya kiwanda cha sukari. Evelio alitamani asingeyajua haya.

Saa kumi alasiri aliwakuta jikoni, mama akichambua maharage, mwanawe kajiinamia.

"Mama Zenaida, jana saa nane Lisandro alipofuata pasipoti, nani alibaki na gari uani?"

"Mimi."

"Na nani anajua nachora kwa rangi yako?"

Zenaida alisogeza sinia pembeni. "Usijisumbue, Evelio. Ni mimi. Robo mzunguko, kwa spana ya marehemu mume wangu."

Lisandro alicheka kidogo, hakuamini. "Mama, unajua ulichofanya?"

"Najua. Kaka yako aliaga kwamba anakwenda ng'ambo miaka miwili, huu ni mwaka wa tisa. Namwona kwenye simu Jumapili, umeme ukiwepo. Nawe ungeondoka nibaki na nani?"

"Ungeniambia nibaki."

"Nimekuambia mara ngapi?"

Lisandro alimgeukia fundi. "Injini inapona?"

"Krenki imeliwa kwa kukosa oili. Nyingine sijui pa kuipata."

"Nilijua watakulaumu wewe," Zenaida alimwambia Evelio. "Nisamehe."

Jina la Evelio lilikuwa limesafishika, lakini hakuona faida yake. Alichukua kofia yake akatoka.

Jumamosi ndege iliruka, Lisandro akiwa kitandani kwake. Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Anakula chakula cha mama yake, anamchotea maji, anambebea mkaa. Hajamsemesha neno.