Mpeni Yeye Mtoto

Maji yalikwisha jioni, unga wa shayiri nimeshaukanda nusu. Mama mkwe wangu, Hogla, akakunja uso.

"Nenda kisimani Gihoni basi. Lakini mtoto mwache hapa."

"Ataamka alie, mama. Na kifua kinambana."

"Haya, nenda naye. Ila usimpe mtu yeyote amshike. Umenisikia?"

Nilimsikia, nikacheka moyoni. Tangu niolewe sikuwahi kumwona Hogla akikanyaga kisimani jua likishakuchwa, na nikimuuliza sababu ananisema kwa uvivu. Nilimvumilia kwa kuwa jiji zima linamheshimu. Ndiye yule mama aliyegombania mtoto mbele ya mfalme Sulemani, baada ya mwenzake wa nyumba moja kumlalia wake usiku akafa na kudai wa Hogla. Mfalme aliagiza upanga, mtoto akatwe vipande viwili, kila mwanamke achukue chake. Mwenzake akasema, mkateni tu, tukose wote. Hogla akalia, "Mpeni yeye mtoto, msimuue!" Hapo mfalme akajua mama ni nani. Mtoto yule ndiye Elasa, mume wangu. Kwetu hakuna asiyeijua habari hiyo, hata vichaa.

Elasa mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Lebanoni kwenye shokoa, kazi ya kulazimishwa, anaburuta mierezi ya huyo huyo mfalme aliyemwokoa. Mierezi ya nini? Ya nyumba za wake zake. Na ng'ambo ya bonde la Kidroni, juu ya kilima, mfalme alikuwa amemjengea mmoja wao madhabahu ya mungu wa kwao, mungu anayelishwa watoto. Jioni ile moshi ulikuwa unapanda. Nikatema mate upande ule, nikamfunga mwanangu Itai mgongoni, nikashuka.

Kisimani palikuwa na mwanamke mmoja tu. Amekaa ngazi ya juu, kajitanda ushungi, kapakata kichanga kilichofunikwa gubigubi.

"Salama, dada?"

"Salama..." Sauti kavu, ya mtu aliyeshinda na kiu. Na hapo amekaa juu ya maji.

Ngazi za Gihoni zina utelezi. Hakuna anayeshuka na mtoto mgongoni. Unamwachia mwenzio, na ukipanda unamshikia wake. Wanawake wote wa Yerusalemu tunafanya hivyo. Maneno ya Hogla yalinipita kichwani, nikayaona ya kizee. Nikamwachia Itai.

Nilipoinama kuchota, nikasikia harufu.

Maziwa. Maziwa yaliyochacha siku nyingi.

Nikapanda mbio. Mwanamke akanipa mtoto, amefunikwa shuka ya Itai. Nikamfunga mgongoni, mtungi kichwani, huyo nikashika njia bila hata kuaga. Giza lilikuwa linaingia. Njiani nikaona kuna kitu kimepungua.

Itai hakohoi.

Nikapapasa nyuma. Baridi ikanipenya nguo hadi mgongoni... Na mbele yangu, langoni, mtoto akakohoa.

Kikohozi cha mwanangu!

Mwanamke niliyemwacha nyuma kisimani alikuwa amesimama mbele yangu, Itai mikononi. Mtungi ukaanguka ukapasuka. Nikamrukia.

"Mwizi! Nipe mwanangu!"

Walinzi wakatutenganisha. Mzee wa lango, Ahira, alikuwa anakunja mkeka aende zake kula. Siku hizo mfalme hakusikiliza tena kesi za watu kama sisi. Alikuwa kilimani na wake zake, na waamuzi wake walibaki kumwiga. Ahira akatazama mtoto mzima mikononi mwa yule, akafunua shuka akatazama maiti mgongoni kwangu. Macho yakamng'aa.

"Jamani! Kumbe na mimi nimepata yangu! Leteni upanga."

Walinzi wakacheka. "Mzee leo kawa mfalme!"

"Mzee, usifanye mchezo!" nikapiga kelele. "Waulize majirani! Mwite mama mkwe wangu!"

"Nyamaza, mwanamke. Unalia kama mbuzi wa mnada."

Mlinzi akamwinua Itai kwa mguu mmoja. Upanga ukatoka alani.

Maneno ya kusema niliyajua. Nani asiyeyajua? Lakini nilipoona chuma kile juu ya tumbo la mwanangu, akili yote ilinitoka. "Ni wangu! Ni wangu! Mguseni, nitawaua wote!"

Yule mwanamke akapiga magoti, taratibu. Akanong'ona.

"Mpeni yeye mtoto... msimuue."



Kisha lango zima likashangilia. "Huyo ndiye mama! Huyo!"

"Mmeona?" Ahira akajipiga kifua. "Hekima ya mfalme haichuji. Na wewe, kazike maiti yako."

Hekima! Waliifundisha nchi nzima jibu, halafu wakamshangilia mtu kwa kulijua. Walaaniwe wote, na mfalme wao, na upanga wao.

Mwanamke alipita karibu nami, Itai kifuani. Ile harufu ikanijaa puani. Akaleta mdomo sikioni kwangu.

"Safari ile, mbele ya mfalme, nilisema kama wewe," akanong'ona. "Hasira... nikawaambia wakate."

Akatoka. Alishuka Kidroni kuelekea kwenye moshi, nami nikasikia kikohozi kikififia bondeni. Wakafunga lango. Nililipiga mpaka kucha zikatoka damu, na walinzi wakanicheka.

Nilifika nyumbani na kile kifurushi, nikasimulia yote. Hogla akasogeza taa, akafunua shuka. Kilikuwa kichanga cha siku chache, upande mmoja wa uso umebonyea. Amelaliwa. Maziwa bado mabichi mdomoni.

Nilidhani atapiga yowe. Hogla akampakata.

"Mwanamke yule ni nani, mama?"

"Alikufa. Mwaka ule ule wa kesi. Hakula tena mpaka akafa."

"Kwa hiyo huyu ndiye mtoto aliyemlalia?"

 Alikuwa anakitikisa kile kichanga kifuani, anakiimbia chini chini. Sikuwahi kumwona akimpakata Itai hivyo. Wala mtu yeyote.



"Mama... nani alimlalia?"

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Nilikuwa nimechoka sana usiku ule, mkwe wangu."

"Na mbele ya mfalme? Ulilia! Ulisema apewe yeye!"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Wangu alikuwa ameshakufa. Kumwachia mwenzangu wa kwake kulikuwa na ugumu gani?"

Nilimchukia pale pale, na mpaka sasa namchukia. Kichanga tulikizika nyuma ya nyumba. Asubuhi nilipanda kilimani peke yangu, nikachokonoa majivu kwa mikono. Sikupata kitu. Makuhani waliniambia hakuna mwanamke aliyefika usiku ule.

Leo Elasa amerudi kutoka Lebanoni, mabega yamechubuka. Hogla ameniwahi, amemwambia mtoto alikufa kwa kifua. Tumekaa tunakula dengu. Jua limekuchwa.

Nje, upande wa kisimani, mwanamke ameita.

"Yadoni..."

Nyumbani mwetu hakuna mtu wa jina hilo. Lakini Elasa ameweka mkate chini.

"Naam, mama," ameitika.

Hogla ameketi mbele yake. Ananisihi kwa macho nikakomee mlango. Nimeinuka. Nimeshika komeo. Na nyuma ya ile sauti, huko gizani, nimesikia mtoto anakohoa.

Mlango nimeufungua wote.