Kiti cha Kiongozi wa Siku

Siku ya tatu ya kambi, watoto arobaini walikula chakula cha mchana bila kijiko hata kimoja kugonga sahani.

Wa kwanza kushtuka alikuwa mpishi. Alitoka jikoni na upawa mkononi, akasimama kwenye mlango wa bwalo akidhani watoto wametoroka wote. Kumbe wamo. Wamekaa wima kwenye mabenchi, wanatafuna, macho mbele. Mpishi huyu amewapikia wanafunzi miaka kumi na miwili na hajawahi hata siku moja kusikia mlio wa feni ya bwalo lile. Siku hiyo aliusikia. Akaweka upawa chini taratibu, akaenda kumwita Mama Ratiba.

Mama Ratiba ni jina la utani. Watoto walimbandika siku ya kwanza tu, kwa sababu ya ile karatasi ya ratiba aliyotembea nayo kutwa kama cheti cha ndoa. Yeye ni mwalimu wa sekondari, na kila likizo ndefu huitwa kuendesha kambi ya uongozi katika shule ya bweni ambayo wenyewe wamekwenda makwao. Siku saba. Watoto wa kuanzia miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, wafundishwe kuzungumza mbele za watu, kupanga muda, kusuluhisha ugomvi. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ukweli ni watoto arobaini walionyang'anywa simu, ukumbi mmoja, joto, na mwalimu mmoja. Mkurugenzi aliahidi wasaidizi wanne. Wakaja wawili. Mmoja akashikwa na tumbo siku hiyo hiyo, wa pili akamsindikiza hospitali, na mpaka leo anamsindikiza. Sasa mtu asipopandwa na hasira hapo, ana moyo wa nini?

Na kati ya hao arobaini alikuwemo binti yake mwenyewe, kitinda mimba wake, miaka kumi na mitatu, wanayemwita Chiriku. Mtoto huyo aliongea akila, aliongea akioga, akilala anaongea pia. Alikuja kambini kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kubaki naye. Njia nzima mama yake alikuwa akimwambia, pumzisha huo mdomo, mwanangu, nami nipumue. Chiriku alikuwa akicheka, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Kosa lilifanyika siku ya pili, na lilifanyika mchana kweupe.

Kambi hiyo ina desturi yake. Kila siku baada ya chakula cha mchana watoto humchagua kiongozi wa siku. Anavishwa mshipi mwekundu begani, anakalia kiti kilichowekwa mbele ya ukumbi, na kuanzia hapo hadi kesho yake anatiiwa na wote, hata mwalimu humwomba ruhusa ya kutoka. Mshipi hauvuliwi hivi hivi. Lazima apatikane wa kuupokea, mbele ya wote, kwa hiari yake. Kiti chenyewe ni cha mbao, mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kila anayekikalia hugonga sakafu: ko.

Siku ya pili hakutokea wa kuupokea. Kijana mrefu aliyekuwa kiongozi tangu jana yake aliuvua, akautupa mezani, akasema yeye bora aoshe masufuria. Watoto wakapiga meza, wakarushiana viatu, wawili wakashikana mashati, na Chiriku alikuwa amesimama juu ya benchi akisimulia yote hayo kama mtangazaji wa mpira. Mama Ratiba alipiga makofi. Akapuliza filimbi. Akaita mpaka koo likakauka. Mwisho akaushika ule mshipi, akauvisha kiti kitupu mgongoni, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki:

"Yeyote aliyemo humu ndani anayeweza kuwanyamazisha hawa, huyo ndiye kiongozi. Nimempa mimi mwenyewe. Akae."

Kiti kikagonga sakafu. Ko.

Watoto wakanyamaza wote kwa mpigo. Chiriku alifunga mdomo katikati ya neno, akashuka benchi, akakaa. Ukumbi ukajaa harufu ya nguo iliyoachwa chini ya pasi. Sasa mwalimu mwenye akili timamu angeuliza nani amekaa. Mama Ratiba hakuuliza. Alikuwa amechoka mno. Alimshukuru Mungu, akakunja karatasi yake, na usiku huo akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu likizo ianze.

Ndiyo maana mpishi alipokuja kumwita kesho yake alikuwa bado ana furaha. Akaingia bwaloni akitabasamu. Tabasamu lilimtoka alipofika kwa mwanawe. Alimuuliza kama ameshiba. Chiriku hakumtazama. Aligeuza uso upande wa ukumbi, akangoja kama mtu anayesikiliza, kisha akasema polepole, "Hajaniruhusu kujibu." Na ndilo neno la mwisho alilomsikia akilisema kwa siku tatu.

Mama Ratiba alikwenda mbio ukumbini. Mshipi ulikuwa bado pale mgongoni mwa kiti. Alipougusa ulimchoma, na malengelenge mawili yakatokea vidoleni. Akatafuta wa kusaidiana naye kukitoa kiti. Mpishi alisema yeye aliajiriwa kupika, na mwalimu hakumlaumu. Akawakusanya watoto, akauliza nani yuko tayari kuupokea mshipi. Hakuna. Akauliza nani anataka kiongozi huyu aendelee. Mikono arobaini ikapanda pamoja, na wa Chiriku ukiwemo.

Basi akampigia mkurugenzi, na hapo ndipo utajua duniani kuna watu. Mkurugenzi alikuja siku ya nne na gari lake, suruali imenyooka, na fulana yenye maandishi kifuani kwamba kiongozi hazaliwi, hufinyangwa. Akapita bwenini, akaona vitanda vimetandikwa utadhani vimepigwa rula. Akapita bwaloni, kimya. Akapiga picha, akawatumia wazazi. Wazazi wakajibu kwa mioyo na makofi, na wengine wakauliza kama inawezekana watoto wakae wiki mbili.

"Mwalimu," alisema, "unanilalamikia kwamba watoto wana nidhamu?"

"Hawasemi, mkuu. Mwanangu hasemi. Nakuomba twende ukumbini ukaone."

"Mwanao alikuwa anasema sana, wewe mwenyewe uliniambia. Shukuru."

Mama Ratiba alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine hayafai mbele ya watoto, akayameza. Mkurugenzi alisifu kambi, akasema mwakani ataongeza ada, akaondoka bila kuingia ukumbini.

Siku ya tano ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi mama alimketisha Chiriku kitandani, akamwomba aseme lolote, hata amtukane, akampigia magoti. Mtoto alifumbua mdomo. Midomo ilicheza, ulimi ulicheza, machozi yakamtoka, na sauti haikuwepo hata ya pumzi. Kilichotoka kinywani ni ile harufu ya nguo chini ya pasi. Mama akamkumbatia, akaukumbuka ule mdomo uliomchosha njia nzima, akalia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe.

Siku ya sita asubuhi akaja fundi cherehani. Ni yeye aliyekuwa ameshona ule mshipi, na sasa alileta fulana za kufungia kambi, tepu ya kupimia shingoni, ana haraka zake. Alipofika kwenye kizingiti cha ukumbi akasimama. Akanusa. Akaweka furushi chini.

"Mshipi wangu mmempa nani?" aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

Mama Ratiba alimweleza yote. Fundi alisikiliza akitikisa kichwa. Alisema kazi yake ni kushona, na hii nyingine, ya kushughulika na wasioonekana, ameirithi kwa shangazi yake bila kuiomba, na watu hawaachi kumsumbua nayo. Kisha akachungulia ndani kidogo, akarudi nyuma haraka.

"Huyu ni jini, mwalimu, na hakuvamia. Mvamizi ningemfukuza sasa hivi. Huyu ameteuliwa. Ana haki ya kukaa pale kuliko mimi na wewe."

"Na sauti ya mwanangu?"

"Anazo zote arobaini. Mnafunga lini?"

"Kesho."

"Basi kesho mkiwatawanya hawa, na yeye ataondoka na mzigo wake. Nani wa kumdai tena? Ila si mna sheria yenu? Apatikane wa kupokea, mbele ya wote, kwa hiari. Hiyo sheria inamfunga na yeye. Tiba ni hiyo, sina nyingine."

Mama Ratiba, kwa akili ya utumishi, alimpigia kwanza mkurugenzi. Akamweleza kwamba anatakiwa kiongozi wa kweli akalie kiti mchana huo. Mkurugenzi akakumbuka ghafla kwamba ana kikao nje ya mji, tena cha siku mbili. Mtandao ukakatika. Fundi alicheka kwa pua.

"Atakayeupokea atapatwa na nini?" Mama Ratiba aliuliza.

Fundi alikunja tepu yake mara tatu kabla ya kujibu. "Nguo aliyoivua mtu mwingine huwa na joto lake. La huyu sijui litakaa muda gani. Sikudanganyi, mwanangu. Sijui."

Saa saba mchana, jua la utosi, watoto arobaini waliingia ukumbini wakaketi. Fundi alisimama mlangoni na mkasi mkononi. Mpishi naye alikuja, akabaki nje dirishani, akisema anatazama tu. Mama Ratiba alitembea kati ya mabenchi hadi mbele, akauona mshipi umekaa kwenye mgongo wa kiti, na sasa ulikuwa umejaa, umetuna kama uliovaliwa begani.

"Nilikupa mimi, mbele ya hawa," alisema. "Naupokea mimi, mbele ya hawa, kwa hiari yangu."

Akakaa, na kiti hakikugonga, na hapo ndipo alipojua kwamba kiti hakikugonga kwa sababu uzito ulikuwa umeshakaa pale tangu siku ile, na kwamba hakukalia ubao bali mapaja, makavu, ya moto, na nyuma ya shingo yake pumzi ikaanza kupanda na kushuka, taratibu, bila wasiwasi, na mikono asiyoiona ikauchukua mshipi na kuuleta mbele, ukapita begani, ukapita kifuani, ukamuunguza kupitia gauni, na akataka kupiga kelele akakuta hana sauti, akamtafuta Chiriku kwa macho kati ya zile nyuso arobaini zilizomtazama kwa utulivu, akamwona, akaona midomo yake inasema mama bila mlio, akajishikilia pale pale asinyanyuke, hata pumzi ile ilipoegemea sikioni na kucheka kidogo kama mtu aliyelipwa zaidi ya alichodai.

"Umepata wa kukupokea," fundi alisema kutoka mlangoni. "Zamu yako imekwisha. Rudisha za watu, utoke."

Kiti kikagonga. Ko.

Kelele iliyofuata ilisikika hadi barabarani. Watoto walilia, wakacheka, wakaitana, wakasukumana, wawili wale wakashikana tena mashati. Chiriku aliruka mabenchi manne hadi kwa mama yake, na alikuwa ameshaanza kabla ya kufika: mama, mama, unajua siku ile nilikuwa nataka kusema, halafu, mama, sikiliza. Mama Ratiba alimshika uso kwa mikono miwili, akasema sema, mwanangu, sema yote. Fundi aliukatakata mshipi vipande, mpishi akavichoma jikoni, na kesho yake kambi ikafungwa kwa fujo hadi wazazi wakalalamika kwamba zile picha zilikuwa za uongo.

Nyumbani Chiriku aliongea siku tatu mfululizo, kufidia. Mama yake alimsikiliza akipika, akamsikiliza akifua, na hakuna siku aliyoyafurahia masikio yake kama hizo.

Siku ya nne, saa saba mchana, alikuwa mezani anaandika ripoti ya kambi, na mkurugenzi ameshapiga simu mara tano kuidai. Joto kali. Kichwa kinamuuma. Chiriku yuko sakafuni anamweleza habari ya msichana fulani na kiatu chake, kwa mara ya tatu, na Mama Ratiba, bila kufumbua mdomo, bila hata kuinua kichwa, aliwaza tu: angepumzisha huo mdomo kidogo.

Chiriku akakoma katikati ya neno.

Mama aligeuka. Mtoto amekaa wima, mikono magotini, anamtazama begani, pale ulipopita mshipi. Midomo imefungwa. Anangoja.

Mama Ratiba alijua la kufanya. Ilikuwa ni kusema neno moja tu: ongea. Lakini feni ilikuwa inasikika, na jirani hana kelele, na kichwa kilikuwa kimeanza kutulia, akasema moyoni, ngoja nimalize ukurasa huu mmoja.

Akashika kalamu. Chumba kikaanza kunuka nguo chini ya pasi, na chini yake kiti cha nyumbani, chenye miguu minne iliyo sawa, kikagonga sakafu. Ko.