Fundi Sentimita na Kidude cha Kufunga Simu

"Mimi simu hainiwezi," alisema Fundi Sentimita. "Nikitaka kuitazama, naitazama. Nikitaka kuiacha, naiacha. Kwisha!"

Aliyasema hayo amesimama mbele ya meza ya kukatia nguo, mkasi mkononi. Simu yake ilikuwa imeegemea kopo la chaki. Ndani ya simu, mbuzi alikuwa anapanda ngazi ya mafundi rangi. Sentimita alitaka kujua kama mbuzi atafika juu.

Mke wake alikuwa dirishani, anashona vifungo. Wawili hao walikuwa na duka moja la ushonaji, cherehani mbili, na feni moja yenye kelele kuliko upepo. Mume alipima, akakata, akashona. Mke alimalizia: vifungo, pindo na pasi.

"Kafika?" mke aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mbuzi anayekukatia suruali ya baba."

Sentimita akacheka. Kisha akatazama mezani. Kicheko kikakatika.

Kitambaa kile kilikuwa cha suti ya baba mkwe. Mzee alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na minne, na Ijumaa hiyo alikuwa anastaafu. Kitambaa alikichagua mwenyewe: cha bluu, kinang'aa upande wa nje, kimefifia upande wa ndani. Kitambaa cha namna hiyo, ukishakata mguu mmoja, ni lazima ugeuze karatasi ya kipimo ndipo ukate wa pili. Sentimita hakugeuza. Alikata mguu wa kushoto. Halafu akakata mwingine wa kushoto.

Mke akaviinua vile vipande, kimoja mkono huu, kingine mkono huu.

"Hongera. Umempa baba yangu miguu miwili ya kushoto."

"Kitambaa kimebaki," Sentimita alisema kwa sauti ndogo.

"Kimebaki cha mguu mmoja. Mmoja tu!" Mke hakuwa anatania tena. "Wiki iliyopita uligeuza kola. Juzi umeshona mfuko ukauziba mdomo. Ukikosea na hiki, baba watoto, mimi Jumamosi nabeba cherehani yangu, nakwenda kushona kwa dada. Nimechoka kufanya kazi na mtu ambaye yupo hapa lakini hayupo."

Maneno hayo yalimchoma Sentimita kuliko sindano.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha fundi simu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba, mtaa mzima unamwita Bisibisi. Sentimita akamwendea.

"Dada Bisibisi, simu yangu mbovu. Inawaka ovyo."

"Inajiwasha yenyewe?"

"Hapana. Mkono wangu unaiwasha."

"Basi mbovu ni mkono. Mikono sitengenezi."

Hata hivyo alivuta droo, akatoa kidude cha mviringo, bapa, kikubwa kama kifungo cha koti.

"Ndani yake kuna chipu," alisema. "Hakina betri wala hakichajiwi. Simu yako inaweza kukisoma ikikigusa. Si simu zote zinaweza, ila yako inaweza. Sasa niambie ukweli. Nini kinakula muda wako?"

"Video."

"Na nini tena?"

"Umbea wa kile kikundi cha mafundi."

"Endelea."

"Na ule mchezo wa kupanga matofali."

"Mtu mzima!" Bisibisi akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akaweka programu kwenye simu, akachagua vitu vile vitatu, akamwambia Sentimita agusishe simu kwenye kidude. Akagusa. Mara vile vitatu vikawa vya kijivu, kila kimoja na picha ya kufuli.

"Je, wateja wakinipigia?"

"Simu itaita. Ujumbe utaingia. Kamera ipo. Tumefunga starehe, kazi hatujaifunga. Ukitaka kuvifungua, ni lazima ugusishe tena kwenye kidude hiki hiki. Na watu wengi wanakosea hapa, kaka, kwa hiyo nisikilize. Kidude hiki kikae mbali. Mkono wako umezoea. Unaokota simu kabla wewe hujaamua. Ukilazimika kutembea, njiani utapata muda wa kujiuliza unakwenda kufanya nini."

"Mke wangu simu yake ni ya zamani. Haitasoma chipu."

"Wakati wa kazi aiweke ndani ya kopo, chumba kingine. Ni yale yale. Iwe mbali na mkono."

Sentimita alirudi dukani akitembea kifua mbele. Lakini mshona nguo ukimpa kitu kidogo cha mviringo, unategemea atafanya nini? Alikishona! Alikishona ndani ya mfuko wa shati lake, kwa uzi mara mbili, eti kisipotee.

Kesho yake, Jumanne, mke aliona kituko. Kila baada ya dakika chache mume anajigonga kifua kwa simu, kama mtu anayeapa mahakamani. Akijigonga, kufuli zinafunguka. Zikifunguka, video zinaanza.

Saa tano asubuhi duka likanuka moshi.

Pasi ya moto, aliyoiacha Sentimita akiwa analaza mishono, ilikuwa imelala juu ya kitambaa cha kupigia pasi. Chini ya kitambaa hicho kulikuwa na koti la baba mkwe. Mke aliruka, akainyakua pasi. Kitambaa cha juu kilikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili. Koti lilikuwa limepona, kwa unene wa uzi.

Mke akaokota kisu cha kufumulia mishono. "Vua shati."

"Nilishona ili kisipotee," Sentimita alisema.

"Hakijapotea. Aliyepotea ni wewe."

Sentimita alivua shati bila ubishi. "Nisikilize, mke wangu. Gusisha simu, ifunge. Halafu hicho kidude usinipe mimi. Kipeleke kule kwenye mashine ya kusaga, mwisho wa barabara. Nitakapokitaka, nitembee."

Mke akakipeleka. Mwenye mashine akakining'iniza kwenye msumari, juu ya mzani wa unga.

Saa ya kwanza ilikuwa ngumu. Sentimita aliokota simu mara tisa. Mara tisa akakuta kufuli. Mara ya kumi mkono ulifika nusu, ukaokota chaki.

Aligeuza karatasi ya kipimo. Akachora. Akapima, akapima tena, akamwita mke.

"Njoo uone. Huu ni wa kulia?"

"Ni wa kulia."

"Una hakika?"

"Kata, wewe mwanamume!"

Akakata. Ulikuwa wa kulia.

Jioni walifunga duka jua likiwa bado lipo. Njiani mke alisimulia kisa cha mteja aliyetaka gauni la kumpunguza unene. Sentimita alicheka mahali pa kuchekea. Mke alimtazama mara mbili, kuhakikisha.

Alhamisi baba mkwe alikuja kujaribu suti. Ilimkaa kama amezaliwa nayo. Mzee akageuka mbele ya kioo, akaunyoosha mguu wa kulia, akaunyoosha wa kushoto.

"Cherehani haiendi kokote," mke alimnong'oneza mumewe.

Sifa zikampanda Sentimita kichwani. "Siri ni moyo mgumu, baba," alisema. "Tangu juzi kidude kiko kule mashineni, na sijakifuata hata mara moja. Hata kukiwaza!"

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja!"

Mzee akafunga kifungo cha koti taratibu. "Jana alasiri nilikuwa mashineni, nimekaa nyuma ya magunia, nangoja zamu yangu. Akaingia mtu ana futi ya kupimia nguo shingoni. Akautazama msumari. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Mwenye mashine akamuuliza anataka nini. Akasema, nusu kilo ya unga. Akalipa, akaondoka. Nikauliza, huyu huja mara kwa mara? Nikaambiwa hiyo ni ya nne."

Sentimita akawa mdogo kama kipande cha chaki.

"Lakini mkono ulirudi, mwanangu," mzee akaongeza. "Na hilo nimeliona."

Mke akaweka sindano chini. "Kumbe! Na mimi nashangaa nani ananijazia unga jikoni!"

Sentimita akashika futi, akapiga magoti, akaanza kupima suruali ambayo ilishapimwa, ikashonwa, ikavaliwa.