Mbwa Aliyekula Alfajiri

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Rozalia alichota maji, akafagia uwanja, kisha akampa mbwa wao ukoko wa ugali. Mbwa huyo aliitwa Watasema, jina alilopewa na bibi kwa ajili ya majirani wenye midomo. Lakini Jumatatu hiyo ukoko ulibaki chunguni. Watasema alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa mifugo mjini Iringa alikuwa amesema atampasua. Mbwa asile kitu tangu jioni ya jana yake. Hilo lilikuwa sharti.

Rozalia alipotoka kuchota maji alimkuta bibi nyuma ya jiko, Watasema akilamba bakuli la ugali na maziwa.

"Bibi! Si tumekatazwa?"

"Mgonjwa hatoki nyumbani kwangu na njaa," bibi alijibu. "Nawe ufunge mdomo wako."

Njia nzima kutoka kijijini kwao Kalenga hadi mjini, swali moja lilimkereketa Rozalia: uvimbe na njaa vinahusiana nini?

Ofisini walipokewa na Kasian, msaidizi wa daktari.

"Kamwene, bibi," alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu."

Kasian alimlaza Watasema mezani, akaanza kumnyoa tumbo kwa wembe. Rozalia alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa meza.

"Kaka, kwa nini unamnyoa?"

"Manyoya yana uchafu. Uchafu ukiingia kidondani, kidonda kitaoza."

"Na kwa nini asile?"

Kasian alicheka. "Wewe utakuja kuwa daktari! Dawa ya usingizi hulegeza mwili wote. Chakula kikipanda kooni, mbwa hawezi kukohoa. Kikiingia mapafuni, anaweza kufa papo hapo."

Rozalia alilikumbuka lile bakuli la ugali na maziwa. Daktari aliingia na bomba la sindano.

"Amekula?" akauliza.

"Hata tonge," bibi alijibu upesi.

Rozalia alimtazama bibi, akamtazama Watasema aliyekuwa akitikisa mkia. Mtoto anayembishia mkubwa mbele za watu huitwa mtovu wa adabu, naye alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote. Akapiga magoti.

"Nisamehe, bibi. Amekula alfajiri. Ugali na maziwa."

Bibi aliinamisha kichwa. Daktari aliiweka sindano chini. "Mrudisheni Alhamisi," alisema, "na safari hii asile."

Walirudi nyumbani, Rozalia akifuta machozi kwa kiganja. Alijua amemwaibisha bibi, na hakujua kama atasamehewa.

Jumatano jioni bibi alimfunga Watasema kando ya kitanda chake mwenyewe. Asubuhi, kwa huruma, hata yeye hakunywa uji.

Alhamisi uvimbe ulitolewa salama. Watasema alipozinduka, alijaribu kusimama akapepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Rozalia alicheka na kulia kwa pamoja. Bibi akamvuta kifuani.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewaambia wengi methali hiyo, kumbe mwenyewe nilikuwa sijaisikia. Mjukuu wangu, heshima si kunyamaza. Mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Siku ile ulimwokoa Watasema, na mimi pia."

Kisha akamgeukia Kasian. "Sasa anaweza kula?"

"Mpaka jioni, bibi. Tena kidogo tu."

Bibi alishusha pumzi. Akatoa kibuyu cha maziwa chini ya khanga yake, akamkabidhi Rozalia.

"Kaa nacho wewe. Mimi sijiamini."