Kisu cha Roscoe Hakifungwi

Sema ninadanganya. Sema tu, nakuruhusu. Shule niliiacha mapema, lakini visu vya kukunja navijua kuliko walimu wangu walivyojua majina ya watoto wao. Usiponiamini, hasara ni yako.

Haya yalimpata binamu yangu Wendell, hapahapa Tennessee, Jumamosi moja ya Oktoba, jua limetulia. Alikuwa jikoni akifuta visu vyake, vile vya bei ya pikapu. Raha yake ilikuwa kuona tofauti ambazo wewe na macho yako hayo huzioni: skrubu iliyobadilishwa kati ya toleo na toleo, chapa iliyohamia upande wa pili.

Kilichokuwa cha thamani kuliko vyote hakukinunua. Kilikuwa cha baba yake, Roscoe, mnoaji wa kiwanda cha visu kule mlimani, kutoka toleo la kwanza kabisa. Roscoe alikufa barazani akimenya tufaha kama alivyozoea, ganda likitoka ukanda mmoja mrefu bila kukatika. Kisu kilibaki wazi mkononi mwake.

Na kwetu, kisu alichokifungua mtu hukifunga mtu huyohuyo. Wendell akakiweka kwenye kabati la kioo vilevile, wazi.

Rafiki yake Clete, mkusanyaji wa visu kama yeye, aliyebeba jeneza la Roscoe upande wa kichwani, ndiye aliyekiomba akakitoe kutu.

"Kitarudi wazi hivihivi, ndugu yangu," aliapa.

Na kweli kikarudi wazi.

Sasa, Jumamosi ile, Wendell akakigeuza dirishani. Roscoe alikuwa mashoto, na toleo la kwanza alilinoa kwa mkono. Kwenye kila kisu chake, mstari wa makali ulipanda juu kidogo upande mmoja. Matoleo ya baadaye yalinolewa na mashine. Kwenye kisu hiki, pande zote mbili zililingana.

Skrubu ilikuwa sahihi. Hata mkwaruzo wa mpini ulikuwa umeigwa. Mtu alikaa chini, akakwaruza taratibu, kwa subira, ili amdanganye mtu anayemwita ndugu.

Wendell alimkuta Clete barazani kwake, amekaa na koti kama mgeni, mlango umefungwa nyuma yake.

"Nimekuja kumchukua baba," Wendell alisema.

Clete hakukana. "Kiko mezani. Mimi humo siingii."

"Tangu utotoni, Clete! Ungeniomba hata nyumba, ningekupa."

"Na kisu ungenipa?"

"Hapana."

"Basi. Wewe una baba wa kumkumbuka. Mkusanyo wangu ulikosa hicho kimoja tu." Kisha akanong'ona. "Kuna mtu anamenya humo ndani."

"Ulikifunga?"

"Sikukifunga! Kwa kaburi la mama yangu, Wendell, mimi sikukifunga."

"Mwizi wa kisu cha maiti ataapa kwa lolote."

Akaingia. Harufu ya tufaha ikampokea. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama makali yanayopita chini ya ganda. Ikakoma.

Kisu kilikuwa mezani. Kimefungwa. Mpini ulilowa maji ya tufaha.

Kutoka mezani ukanda wa ganda uliteremka sakafuni, ukapita chini ya kabati, ukaenda kuishia kwenye kiti kilichogeuzwa kutazama mlango. Wendell akagusa kiti.

Kilikuwa na joto.

"Baba," alinong'ona. "Ni mimi."

Akajaribu kukifungua kisu. Hakikufunguka. Akatumia mikono yote miwili. Hakikufunguka. Nyuma ya sikio lake, mtu akatafuna.

Alipotoka mbio, baraza lilikuwa tupu. Clete hajaonekana tena bondeni kwetu. Kisu Wendell alikifukia kwenye kaburi la Roscoe, na visu vingine vyote hajavifungulia kabati tangu siku ile. Husema Clete alimsaliti mara mbili: alikiiba, kisha akakifunga.

La kwanza ni kweli.

La pili ndilo nililoliruka. Clete alinionyesha kile kisu siku aliyokibadilisha. Nilikijua ni cha nani. Nikanyamaza, nikanywa bia yake. Kilikuwa wazi mezani, naye akaniambia nisikiguse. Mimi? Niambiwe nisiguse? "Unamwogopa mzee aliyekwisha kuzikwa?" nikamcheka, nikakifunga kwa kidole kimoja. Klak.

Leo mchana nimefungua pikapu yangu, vioo vyote vikiwa juu. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na ukanda wa ganda la tufaha. Mbichi. Haujakatika popote.

Tafadhali. Sema ninadanganya.