Meza ya Watu Watatu

SAA 4 ASUBUHI, MCHIKICHINI

Chumba cha nyuma kilijaa marobota ya mitumba. Mrisho, kiongozi wao, alikuwa amechuchumaa, anachora sakafuni kwa chaki.

"Kwa Wilbert, ghorofani, meza ya poka ina watu wanane. Leo Ijumaa. Watano wakienda msikitini, anabaki Wilbert na nyinyi wawili, Tarsis na Zakayo. Tarsis anapiga simu, anaagiza msosi. Vicky anapanda na hotpoti. Bastola, chuma chetu, iko chini ya pilau. Mnafungua sefu, mnashuka. Mimi niko kwenye gari."

"Pakichafuka?" Vicky aliuliza.

"Nitasema nimeshiba," Tarsis alimjibu mkewe. "Ukisikia hivyo, nenda, usigeuke nyuma. Usiulize kitu."

Tarsis hakumwamini Mrisho. Mbona chuma kibebwe na mwanamke, yeye akae garini? Zakayo hakumtia shaka. Alikuwa mgeni kundini, ameapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajawahi kushika karata. Tarsis alimfundisha kidogo tu, cha kukalia kiti: meza ikijaa, subiri karata nzuri, mbaya tupa. Mchezo wa meza iliyopungua hakumfundisha. Huo ndio uliomlisha mjini, na mjini mtu hagawi sufuria lake.

"Tukibaki watatu wewe endelea kutupa," alimwambia. "Hatuendi kushinda pale."

"Poa, kaka."

SAA 6 NA NUSU MCHANA, KARIAKOO

Adhana ililia. Wanaume watano wakasimama, wakavaa kofia zao, wakashuka ngazi. Wilbert, mwenye nyumba, akafunga mlango kwa ufunguo. Akagawa karata.

Meza ya watatu ni mnyama mwingine. Dau la lazima linakurudia kila mara. Ukikaa kusubiri karata nzuri, unaliwa huku unatazama. Inabidi upandishe hata kwa takataka, mwenzako aogope, aachie. Tarsis aliyajua hayo. Wilbert aliyajua zaidi.

Mzunguko wa kwanza Zakayo alitupa. Wa pili akapandisha. Wa tatu akapandisha tena, akagonga meza kwa kidole mara mbili. Tarsis akaachia, Wilbert akaachia. Zakayo akashindwa kujizuia, akafunua karata zake kwa majigambo: saba na tatu. Takataka tupu.

Nani kamfundisha huyu? Kariakoo nzima alimjua mtu mmoja tu wa kupandisha vile na kugonga meza vile, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yao, anatabasamu. Zakayo alikuwa amekaa na Wilbert kwenye meza hii siku nyingi, wawili, watatu, akifundishwa. Maskini Mrisho, kashukiwa bure.

"Njaa inauma," Zakayo alisema. "Agiza msosi, kaka."

"Agiza," Wilbert akaitikia. "Tule wote."

Pazia la chumba cha pili lilitikisika. Upepo haukuwepo.

Chuma kilikuwa chini, mtaani, kwenye pilau. Kikipanda, labda angetoka hai. Lakini kingepanda mikononi mwa Vicky. Tarsis aliogopa, aliogopa sana. Akapiga simu.

"Vicky. Nimeshiba, mke wangu."

Sauti ndogo ikajibu: "Umeshiba kweli?"

"Mno. Nenda nyumbani."

Pazia likafunguka. Wakatoka wanaume wanne wenye marungu. Zakayo aliruka kutoka kitini.

"Nani kakwambia?"

"Nilikwambia utupe," Tarsis alisema. "Mbona ulipandisha?"

Zakayo akazitazama saba na tatu zake mezani.

Dirishani, chini kabisa, Vicky alikuwa akipenya katikati ya wauza vitenge, hotpoti kichwani, anaelekea Msimbazi. Tarsis alimsubiri ageuke, walau mara moja. Hakugeuka. Alikuwa anatii alichoambiwa, na hilo lilimuuma Tarsis kabla rungu la kwanza halijamfikia.