Bobini Ikiisha, Simama

Duka la mkate lilipofungua mlango asubuhi, cherehani ya Mama Chapchap ilikuwa imeshalia vya kutosha. Mtaa mzima uliijua sauti yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kasi. Ukimpelekea suruali ipunguzwe, usikae kusubiri. Zunguka nyumba tu, ukirudi utaikuta tayari.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chao. Cherehani ilikaa dirishani, na meza ya kukatia ilikaa katikati. Kwenye kona alisimama mumewe na pasi yake. Wateja walimwita Baba Pasi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, asiye na haraka. Mkewe akishona, yeye alinyoosha nguo, alikaza vifungo na kuchekesha wateja.

Binti yao aliuza rangi za nyumba katika duka la mtaa wa pili. Alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa miezi michache mbele. Tangu akiwa mdogo, mama yake alimwahidi jambo moja.

"Gauni lako la harusi nitalishona mimi," alimwambia. "Shanga za kifuani nitazitia kwa mkono wangu, moja moja."

Kitambaa cheupe kilikuwa tayari. Kilikaa juu ya kabati, kimefungwa ndani ya karatasi, kikisubiri zamu yake.

Kabla ya zamu hiyo, kazi kubwa iliingia. Kituo cha afya kilikuwa kinaandaa Siku ya Afya na Mapumziko. Kilitaka vizibao vya kijani vya wahudumu wa siku hiyo. Mgongoni mwa kila kizibao yawekwe maneno mawili: PUMZIKA KIDOGO. Herufi zikatwe kwa kitambaa cheupe, kisha zishonwe juu ya kile cha kijani.

"Maneno mawili tu," alisema Baba Pasi. "Si kazi ya kutisha."

"Zihesabu herufi, mume wangu, halafu zizidishe kwa vizibao," alijibu mkewe. "Utatishika mwenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chini ya sindano ya cherehani kuna kigurudumu kidogo cha uzi. Mafundi hukiita bobini. Uzi wa bobini ukiisha, fundi husimamisha kazi, huujaza upya, kisha huendelea. Siku zote Mama Chapchap alitumia nafasi hiyo kunyoosha mgongo na kuchungulia dirishani. Sasa aliona ni kupoteza muda.

"Chukua ile cherehani ya zamani," alimwambia mumewe. "Kazi yako ni kujaza bobini tu. Ziweke hapa kwenye kopo. Moja ikiisha nachomoa, natia nyingine, naenda."

"Na chai je?"

"Nitainywa hapa hapa."

"Na choo nacho uletewe hapo hapo?"

Mama Chapchap alicheka, lakini hakuinuka. Kopo lilijaa bobini, na kiti chake hakikupata nafasi ya kupoa. Aliposhona alikunja viganja. Alipokata herufi alikamua mkasi kwa nguvu, maana mkasi wenyewe ulikuwa butu kama kijiko. Alisema atautia makali kazi ikiisha.

Kwanza vidole vilianza kumwasha ndani kwa ndani, kama vinatembewa na siafu. Kidole gumba, cha shahada na cha kati. Baadaye vikawa vinakufa ganzi. Alikuwa anaamka usingizini na kuukung'uta mkono mpaka uamke nao. Asubuhi alishika kikombe kikamponyoka.

"Mkono umelegea," alimwambia mumewe.

Baba Pasi alikuwa mtu wa nguo, akafikiri kama mtu wa nguo. "Suruali ikilegea kiunoni tunafanyaje?"

"Tunatia lastiki."

"Basi!"

Akakata lastiki pana. Akaishona ikawa kama bangili nene, akaipiga mshono mara mbili isije ikaachia. Mama Chapchap aliivaa kwenye kiungo cha mkono. Ilibana kweli kweli. Mwanzoni alijiona amepata nguvu mpya, akarudi kwenye herufi zake. Wote wawili walijisifu kwa akili hiyo. Mungu awasamehe.

Vizibao vilipokaribia kwisha, alishusha kitambaa cheupe. Alitaka tu kupima, aone gauni litakaaje. Binti alikuwa amerudi kutoka kazini. Alisimama katikati ya chumba akiwa amenyoosha mikono, na mama yake akamzungushia kitambaa na kukibana kwa pini.

"Mama!" binti alipiga kelele. "Unatoka damu!"

"Wapi?"

"Kidoleni! Pini imeingia yote!"

Mama Chapchap alitazama. Ni kweli. Pini ilikuwa imezama kwenye kidole cha shahada, na doa jekundu lilikuwa limeenea kwenye kitambaa. Yeye hakuwa amesikia chochote, hata kidogo. Alichomoa pini polepole. Alikuwa ameshona nusu ya maisha yake, na vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake ya pili. Fundi asiyesikia sindano atatiaje shanga?

"Si kitu," alisema. "Nimechoka tu."

Lakini alikiviringisha kitambaa haraka na kukirudisha juu ya kabati. Hakumtazama binti yake usoni.

Kesho yake mchana nesi wa kituo cha afya alikuja kuchukua vizibao. Alikuwa mama mwenye kicheko cha karibu. Aliinua kimoja, akakigeuza, akasoma kwa sauti.

"Pumzika kidogo! Vizuri sana. Na ninyi mmepumzika?"

Baba Pasi alikohoa. Mama Chapchap alificha mkono chini ya meza. Kumbe amechelewa, nesi ameshaiona ile lastiki.

"Hiyo nini mama?"

"Ni lastiki. Mkono umelegea, nimeubana."

"Nani kakushauri?"

"Mimi," alisema Baba Pasi, akaongeza haraka, "lakini mshono wake ni imara."

Nesi alijizuia kucheka. Alivuta kiti akakaa. "Ivue kwanza, mama. Polepole. Sasa niambie, ganzi inashika vidole gani?"

Mama Chapchap alivionyesha vidole vyake vitatu. Nesi aliuliza kama vinamwamsha usingizini, na kama akikung'uta mkono anapata nafuu. Kila swali lilijibiwa ndiyo. Baba Pasi alishangaa nesi amejuaje mambo ya chumbani kwao.

"Sikiliza," alisema nesi. "Wewe ni fundi, utanielewa. Unaposhona pindo la kupitishia kamba kiunoni, ukiliacha jembamba halafu ukapitisha kamba nyingi, inakuwaje?"

"Zinakwama. Zinabanana."

"Haya. Kwenye kiungo cha mkono wako kuna njia nyembamba kama pindo hilo. Humo zinapita kano zinazokunja vidole. Humo humo unapita mshipa wa fahamu, huo unaokufanya usikie pini. Ukikunja kiganja na kurudia kazi ile ile bila kupumzika, kano huvimba. Pindo ni lile lile, haliongezeki. Mshipa unabanwa, vidole vinakufa ganzi."

"Na lastiki?" aliuliza Baba Pasi kwa sauti ndogo.

"Lastiki imebana kwa juu kilichokuwa kimebanwa kwa ndani."

Baba Pasi alikaa chini.

"Mimi nahisi ni hivyo, lakini kuhisi si kupima," aliendelea nesi. "Ganzi ina sababu nyingi. Sukari mwilini ikizidi nayo huleta ganzi. Njoo kwenye Siku ya Afya na Mapumziko. Daktari atakuwepo."

"Siku hiyo nimepanga kushona. Nimerundikiwa nguo za watu."

"Mama, watu kama wewe ndio waliotufanya tuiweke siku hii! Mgonjwa wa homa tunamwona kituoni. Anayejichosha kidogo kidogo hatumwoni mpaka aharibikiwe. Ndiyo maana tunatenga siku moja, tunamwita kila mtu. Umeishonea nguo siku hii halafu hutaki kuihudhuria?"

Binti, aliyekuwa amekuja kula chakula cha mchana, alikuwa amesimama mlangoni, na maneno yote aliyasikia. "Mama," alisema, "gauni nitanunua lililokwisha kushonwa."

Mama Chapchap alishtuka. "Usiniambie hivyo, mwanangu. Nilikuahidi."

"Gauni nitavaa siku moja. Mkono wako ukifa, utaniumiza maisha yangu yote, kwa sababu nitajua umefia kwenye shanga zangu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nenda ukapimwe. Tafadhali."

Mama Chapchap alikitazama kitambaa juu ya kabati. Kisha alimwambia nesi, "Nitakuja."

Siku ilipofika, uwanja wa kituo cha afya ulijaa watu. Chini ya turubai moja walipima shinikizo la damu na sukari. Kwenye turubai nyingine kijana mmoja alifundisha mazoezi ya shingo, mabega na vidole. Mikeka ilitandikwa, watu wakafundishwa kulala chali na kuvuta pumzi polepole.

Mama Chapchap hakwenda kwenye mkeka. Alizunguka nyuma ya wahudumu akikagua mishono yao. Mmoja alishtuka kumwona mama mgeni anamkata uzi mgongoni kwa meno.

"Mke wangu," alisema Baba Pasi, "umesoma kilichoandikwa mahali ulipong'ata?"

Pumzika kidogo. Mama Chapchap alicheka mpaka akashika mbavu. Basi akaenda, akalala kwenye mkeka. Aliambiwa afumbe macho, avute pumzi kwa pua, aiache itoke taratibu kwa mdomo. Hakukumbuka mara ya mwisho alipolala mchana bila kuumwa. Mabega yake yalishuka yenyewe. Karibu yake Baba Pasi alikuwa ameshapitiwa na usingizi, anakoroma, na mwalimu wa mazoezi akamsifu kuwa ndiye mwanafunzi bora.

Daktari alimpima Mama Chapchap damu, sukari haikuzidi. Alimkunja kiganja, akamgonga gonga kwenye kiungo, akampima nguvu za kidole gumba, akamwuliza habari za kiti na mkasi wake.

"Nesi yuko sahihi," alisema. "Na bado hujachelewa sana. Ukilala, vaa hii." Alimpa gango laini la kitambaa lenye ubao mwembamba ndani.

"Hii si kama lastiki yangu?" aliuliza Baba Pasi, aliyekuwa ameamka.

"Hapana. Hii haibani. Inazuia kiganja kisikunjike usingizini, basi. Mchana, mama, kiganja kikae kimenyooka. Inua kiti chako. Mkasi utiwe makali leo, si kesho. Na usikae kwenye kazi moja muda mrefu bila kusimama. Uje nikuone tena. Ganzi ikizidi au mkono ukiisha nguvu, usingoje siku ya kuja, njoo mara moja."

"Sasa nitajuaje muda wa kusimama?" aliuliza Mama Chapchap. "Nikishika kazi sikumbuki saa."

Hilo daktari hakulijibu. Alilijibu Baba Pasi.

"Bobini," alisema. "Kopo lile nalitupa. Uzi ukiisha, unasimama."

Na ndivyo walivyofanya. Kila bobini ilipoisha, Mama Chapchap aliinuka. Alikunjua vidole, alizungusha mabega, alikunywa maji, alitazama mbali nje ya dirisha. Baba Pasi alichukua kazi ya kukata vitambaa kwa mkasi uliotiwa makali. Binti alileta mto mgumu wa kuinulia kiti. Mteja mmoja alilalamika kwamba suruali yake imechelewa.

"Umebadilika siku hizi, Mama Chapchap," alisema.

"Suruali yako itakuwa tayari jioni," alijibu. "Mkono nao unapata zamu yake."

Nafuu haikuja kwa siku moja. Wiki za kwanza aliona kama anachezewa tu. Kuna siku alijisahau, akashona mapazia bila kupumzika, na siafu wakarudi vidoleni. Alirudi kwa daktari, akasemwa kidogo, akaanza upya. Polepole akaanza kulala usingizi bila kuukung'uta mkono. Kikombe kikakaa mkononi. Daktari alipompima tena alimruhusu kazi ya sindano, kidogo kidogo.

Ndipo kitambaa cheupe kikashuka tena kutoka juu ya kabati. Lile doa lilikuwa limefuliwa, na pale liliposhindikana palikatwa. Gauni lilishonwa bila haraka. Ikabaki kazi ya shanga za kifuani.

Mama Chapchap alikaa dirishani penye mwanga. Binti alikaa miguuni pake akimpa shanga. Baba Pasi alikuwa anapiga pasi mashati. Kila mmoja alikuwa anatazama kile kidole cha shahada, ingawa alijifanya hatazami.

Mara Mama Chapchap alipiga ukelele. "Uwii!"

Sindano ilimdondoka. Baba Pasi aliacha pasi akaja mbio. Binti aliinuka kwa hofu. "Nini mama?"

"Imenichoma!" Mama Chapchap alikuwa ameinua kidole juu, machozi yanamtiririka, na alikuwa anacheka. "Sindano imenichoma! Inauma! Jamani, inauma!"

Binti alimkumbatia shingoni, naye akaanza kulia. Baba Pasi aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu. Kisha akanusa hewa, akakumbuka pasi, akakimbia kuliokoa shati la mtu.

Mama Chapchap alikagua kitambaa cheupe. Hakikuwa na doa. Safari hii kidole kilikuwa kimejitoa mapema.

"Tuendelee?" aliuliza binti akifuta macho.

"Tutaendelea," alisema mama yake, akasimama na kukunjua vidole. "Kwanza tupumzike kidogo."